Bwana Kofia Hakufa

Alhamisi, 2 Juni 1977. Magoudjou, Moroni.

Siku kubwa! Niandike taratibu.

Kwanza, kwa faida ya vizazi vijavyo. Mimi ni Mroudjae, umri miaka arobaini na minne. Karani, hadi Aprili serikali ilipozivunja ofisi na kuturudisha sote nyumbani. Naandika nyuma ya fomu za ofisi hiyo, ambazo kwa bahati zilikuwa chini ya kitanda changu. Naandika kwa Kiswahili, nilichojifunza Unguja ujanani, ili mke wangu Moinahalima asisome. Zaidi ya yote, ni mhakiki wa filamu. Mhakiki pekee katika Moroni yote. Miaka ishirini na miwili, filamu mia moja na sitini na moja. Sijawahi kutamka uhakiki hata mmoja mbele ya watu.

Sababu: anda. Nimeoa, ndiyo, na naishi nyumbani kwa mke kama mila inavyotaka. Lakini ile harusi kubwa ya mji mzima, ya ng'ombe na dhahabu na siku tisa za kula, sikuimudu. Na asiyefanya anda hana kauli bangwe, pale uwanjani wanapokaa wanaume. Awe na mvi, awe na miwani, ni mtoto. Anabeba sinia. Anatandika mkeka. Sinema ikija, wazee wanakaa mbele juu ya zulia, na 'watoto' wanapanga viatu vyao mlangoni, ili wakitoka wavikute vimeelekea barabarani. Mimi na jirani yangu Chamsidine, fundi cherehani mwenye miaka arobaini na sita, tumepanga viatu hivyo tangu tulipoota ndevu.

Leo kamati ya vijana imetangaza. Anda imefutwa! Vyeo vya bangwe vimefutwa! Atakaye kusema, aseme. Chamsidine kasema hana la kusema. Mimi ninalo, tangu mwaka 1971.

Mwaka huo ililetwa filamu ya wapanda farasi, Bonde la Chumvi. Shujaa hana jina. Sisi tulimwita Bwana Kofia, kwa kuwa havui kofia hata akioga. Jioni ile bangwe, Mzee Ridjali alisema Bwana Kofia amekufa. Mzee Ridjali alifanya anda mwaka 1948, kwa ng'ombe kumi na wanane. Basi Bwana Kofia akawa amekufa. Mji mzima ulikubali. Wapo waliosema Mungu amrehemu, kisha wakajiuliza kama inafaa.

Hakufa! Nilimwona kwa macho yangu akipanda milimani, mzima, farasi akitikisa mkia. Mzee Ridjali alilala, sina shaka, maana mchana alikula kuku wa nazi. Miaka sita nimebeba uhai wa mtu yule kifuani bila ruhusa ya kuutoa. Kesho, baada ya sala ya Ijumaa, nautoa.

Tatizo dogo: Mzee Ridjali ni mjomba wa Moinahalima.

Ijumaa, 3 Juni.

Nimesema!

Kanzu nilipiga pasi mwenyewe, Moinahalima alikataa. Nikasimama katikati ya bangwe. Nilipotaka kufungua mdomo nikajikuta nimeshika sinia. Sijui nani alinipa. Nikaliweka chini nikaanza.

Nilitaka kuanza na Bwana Kofia, lakini haki ni haki, nikaanza na filamu ya kwanza niliyoiona, mwaka 1955. Nikashuka mwaka baada ya mwaka. Bibi Harusi wa Mtaa wa Taa, ya Misri: nyimbo kumi na moja, bibi harusi analia katika nguo tatu tofauti, bwana harusi anaingia bila hata mbuzi. Saba kati ya kumi. Ndugu Wawili na Tembo, ya Kihindi: ndugu wanapoteana sokoni wakiwa wadogo, hakuna anayewakumbuka ila tembo. Tembo ndiye mwigizaji bora niliyepata kumwona. Nane. Kamishna Hana Njaa, ya Kifaransa: mtu amekaa mkahawani anatazama mvua. Nne, na hizo ni za mvua. Kasoro moja nimeikuta katika zote: mwisho haueleweki. Tembo akiwa anakimbia tu, basi. Bibi harusi akiwa ngazini, basi. Sijui kwa nini watengeneza filamu hawajifunzi.

Mtu mmoja aliomba ruhusa akalishe mbuzi. Wawili waliondoka bila kuomba. Nilikuwa na raha ambayo sijaipata tangu siku ya ndoa yangu, na siku ile pia sikuruhusiwa kusema.

Saa moja ikapita ndipo nikafika kwa Bwana Kofia. Nikatangaza yu hai. Macho yote yakamgeukia Mzee Ridjali. Nilitegemea ngurumo. Yeye akafuta miwani.

"Alikufa, mwanangu," alisema. "Mimi nilimlilia."

Nikamwambia mbele ya umma kwamba alilala. Hapo bangwe likapasuka. Nusu hai, nusu maiti. Vijana walikuwa upande wangu, ingawa wengi wao mwaka 1971 walikuwa hawajang'oa meno ya utoto.

Akaingia Kalathoumi, mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Binti wa sekondari, miaka kumi na saba, penseli sikioni. Akasema mapinduzi hayaendi kwa kauli ya mtu, yanakwenda kwa ushahidi. Filamu itafutwe, ioneshwe mbele ya wote Jumapili ya tarehe kumi na mbili. Akaongeza kuwa kamati inamtafuta mtu wa kusimamia filamu za umma: kuzichagua na kuzieleza. Nikishinda, kazi ni yangu. Nikishindwa, naingia kikosi cha kuchimba vyoo vya Magoudjou, wiki nzima.

Msimamizi wa filamu! Nilikubali kabla hajamaliza.

Nyumbani, Moinahalima alikuwa amekaa kizingitini. Habari zilikuwa zimenitangulia.

"Nyumba hii ni ya mama yangu," alisema, "na yule uliyemwita mlala usingizi ni ndugu wa mama yangu. Ukimuaibisha mjomba, wewe una sanduku lako."

Mapinduzi yamefuta kila kitu isipokuwa hilo. Nyumba bado ni za wanawake.

Jumamosi, 4 Juni.

Filamu haipo Moroni. Ilipelekwa Mutsamudu, kisiwa cha pili, mwaka 1972 na haikurudi. Kalathoumi kaniandikia karatasi ya ruhusa, nasafiri Jumatatu. Maji nimeyavulia nguo, sina budi kuyaoga.

Alasiri nilikwenda sinema kutuliza moyo. Ngumi Saba za Mpishi, ya Hong Kong. Mpishi anadharauliwa na wote mpaka wanapomvunjia chungu. Anapiga watu kwa upawa. Safi sana! Ilikuwa inastahili tisa kati ya kumi. Lakini kasoro ni ile ile. Mpishi anaruka juu ya paa, basi. Mwisho haueleweki.

Mazoea ni kitu kibaya. Nilijikuta mlangoni na Chamsidine, tumeshapanga jozi kumi na nne zikielekea barabarani. Nikakumbuka mapinduzi. Nikavichanganya tena. Wazee wakatoka wakagombana dakika kumi, kiatu cha huyu mguuni kwa yule. Chamsidine kanilaumu. Kanikumbusha kwamba vya Mzee Ridjali ni vile vyenye kamba, na mgongo unamuuma akiinama.

Jambo la ajabu. Jioni Moinahalima kaniambia mlala usingizi si ndugu wa mama yake, bali ni mimi niliyekoroma katika sherehe ya binamu yake Moinafouraha, na hilo mbona sikuliandika. Amejuaje kwamba naandika? Namshuku Chamsidine.

Jumatatu, 6 Juni. Mutsamudu.

Ndege ndogo hadi Ouani. Nilikaa nyuma ya mwanamke mwenye kuku, nikatapika kwa staha. Teksi ya pamoja hadi mjini. Watu wa huku ni wakarimu, lakini maneno yao yanapita masikioni kama maji. Nawaelewa nusu. Wao wananielewa robo, na wanacheka hiyo robo.

Sinema iko upande wa Hombo, chini ya hospitali. Mtunzaji wake anaitwa Housseini, mtu mnene, mchangamfu, mwenye harufu ya karafuu. Alinipokea kwa chai na mkate wa kumimina. Nilipomwambia mimi ni mhakiki wa filamu kutoka Moroni, akasema yeye pia.

Yeye pia! Nilikula mkate.

Nikamuuliza kwa upole kama anakumbuka Bwana Kofia alivyoishia. Anakumbuka. Aliteremka bondeni, akamwoa mjane wa adui yake, muuza chumvi, akafungua duka la vitambaa. Mutsamudu nzima inajua. Kinyozi wa mlango wa pili akathibitisha, akaongeza kwamba walipata mapacha.

Sikuamini. Alasiri nikaelewa. Hapa onyesho linaanza saa kumi u nusu, watu wakishatoka kazini. Filamu ina mikebe mitano. Mkebe wa nne unapokwisha, inaadhiniwa Magharibi. Watu wote wanasimama, wanakwenda kusali, na baada ya sala hakuna anayerudi, kwa sababu Housseini hukaa kwenye ngazi za msikiti akawasimulia mwisho. Bure, kwa mikono na kwa sauti za wanawake na farasi. Leo ilikuwa filamu ya majambazi wa bandari. Kwenye ngazi, majambazi walitubu wakafanyiwa harusi ya pamoja. Watu mia mbili walimsikiliza midomo wazi. Mzee mmoja alimbusu mkono.

Niseme kweli, kwa kuwa ni shajara. Niliona wivu mpaka sikio likaniwasha.

Nikamwomba mikebe ya Bonde la Chumvi. Minne kanipa papo hapo. Wa tano kakataa. Akasema ukioneshwa, hata Moroni, habari zitavuka bahari, na Bwana Kofia atanyang'anywa mke, duka na watoto. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe aliuona huo mkebe wa tano. Akashtuka. Akasema hajawahi kuona mwisho wa filamu yoyote, angeuona ungemharibia kazi.

Mtu wa ovyo. Anahukumu filamu asizoziona mpaka mwisho!

Jumanne, 7 Juni.

Mpango. Wakati wa Magharibi ukumbi hubaki mtupu. Mikebe iko kwenye rafu nyuma ya mashine. Nitaingia, nitachukua, sala nitailipa baadaye, kadha.

Mchana, ili asinishuku, nilimwomba Housseini anioneshe filamu nyingine. Akanionesha Ushindi wa Mpunga, zawadi ya nchi rafiki. Mpunga unapandwa. Mpunga unaota. Watu wanaucheka kwa furaha. Hakuna harusi. Mkebe wa mwisho Housseini hakuuweka, kama desturi yake. Mpunga umeigiza vizuri, watu siyo. Tano.

Magharibi. Niliingia, nikapapasa rafuni. Mkebe, namba tano ubavuni, mzito wa kutosha. Nikauweka chini ya koti. Nikatoka na kupita ngazi za msikiti, Housseini akiwa anaiga kilio cha mama mkwe. Alinipungia mkono. Nikampungia ule usioshika mkebe.

Mwenye macho haambiwi tazama! Yeye ana ngazi zake, mimi nina ushahidi.

Jumatano, 8 Juni. Ouani.

Naandika katika banda la uwanja wa ndege. Nimezuiliwa.

Vijana wa kamati ya hapa wanakagua mizigo. Mkebe wa kwanza, filamu. Wa pili, wa tatu, wa nne, filamu. Wa tano, karafuu. Karafuu tupu, kavu, zimejaa hadi kifunikoni. Na karafuu hazitoki kisiwani bila karatasi.

Nikawaeleza kwamba mimi si mlanguzi, nilidhani nimeiba filamu. Haikusaidia. Kiongozi wao, Ibouroi, kijana mpole, aliandika kila neno, akaniuliza 'nilidhani nimeiba' inaandikwaje.

Ndege iliondoka bila mimi. Nililia kidogo. Si uoga. Nilikuwa nawaza Jumapili, bangwe limejaa, skrini nyeupe, na mimi sipo, na Bwana Kofia anabaki maiti milele. Tena niliwaza sanduku langu kizingitini.

Saa tisa ikaja teksi. Housseini! Jasho linamtoka, mkebe kwapani. Zile karafuu ni za mama yake, mkebe wa zamani, alizitafuta tangu asubuhi kwa ajili ya pilau. Akawaapia vijana kwamba mimi ni mgeni wake na ni mjinga, si mwizi. Akalirudia hilo mara tatu kwa lahaja tofauti ili nielewe.

Kisha akanikabidhi mkebe wa tano wa kweli. Nikamuuliza kwa nini.

"Mtu aliyefika mpaka kuiba karafuu za mama yangu kwa ajili ya filamu," alisema, "huyo ana njaa kuliko mimi. Chukua. Ila usiniandikie mwisho wake."

Nimemwahidi. Ni mtu mwema, lakini si mhakiki.

Alhamisi, 9 Juni. Moroni.

Nimerudi. Sanduku langu liko kizingitini, halijafungwa. Ndani kuna kanzu mbili, taulo, na kitafunio cha njiani. Moinahalima hakuniambia nitoke wala niingie. Nikaliruka.

Jioni alikuja Mzee Ridjali. Nikamwamkia kwa 'kwezi', kama inavyompasa mdogo, akaitikia 'mbona', kama wafanyavyo wakubwa. Akakaa, akasifu chai, akatafuta maneno. Mwishowe akasema tuiache habari hii. Tuseme wote wawili kwamba Bwana Kofia alijeruhiwa. Akasema yeye hahitaji kushinda, ameshinda vya kutosha maishani, na asingependa kuona nyumba ya mpwa wake inaingia ufa kwa ajili ya mtu wa kwenye kitambaa.

Anaogopa! Nilijua! Nikamjibu kwa heshima kwamba ukweli haujeruhiwi. Akanitazama kwa huruma, huruma ya mtu aliyekwisha kushindwa. Moinahalima alimsindikiza hadi nje. Aliporudi aliongeza kitu sandukuni. Nimechungulia. Ni mswaki.

Jumapili, 12 Juni.

Sijui nianzie wapi.

Saa tisa ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wanawake walikaa upande wao, Moinahalima safu ya kwanza. Zulia la mbele lilikuwepo, wazee juu yake, kwa kuwa vijana walisahau kulifuta. Nilivaa koti. Kalathoumi alikaa kando ya mashine na daftari.

Mkebe wa kwanza, wa pili, wa tatu. Filamu nzuri ajabu! Nilikuwa nimesahau yule mtoto wa muuza chumvi anavyomfunza farasi kupiga magoti. Watu walicheka, walishangilia. Nilimpenda kila mtu ukumbini, hata Mzee Ridjali. Mkebe wa nne. Bwana Kofia anapanda farasi. Anaelekea milimani. Muziki. Farasi anatikisa mkia. Hai! Nikageuka kutazama nyuso.

Na hapo miguu yangu ikasimama yenyewe.

Sikuiamuru. Nilikuwa nimeshapita watu watatu kuelekea mlangoni. Chamsidine alikuwa mbele yangu. Mkono wa Kalathoumi ukanishika koti.

"Baba Mroudjae, kaa," alisema. "Bado mkebe mmoja."

Nikakaa. Mkebe wa tano ukawekwa. Sikuwa nimewahi kuusikia mlio wake.

Milimani kuna kisima. Bwana Kofia anashuka kunywa maji. Kwa mara ya kwanza anavua kofia. Nyuma ya jiwe yuko muuza chumvi na bunduki. Risasi moja. Bwana Kofia anakufa kwa dakika kumi na moja. Anakufa akiwa amekaa, kisha amelala, kisha anaongea na farasi, na farasi anapiga magoti kama alivyofunzwa na mtoto. Alikufa, akafa, akafa. Hakuna mtu aliyekufa vile tangu dunia iumbwe.

Mbele, Mzee Ridjali alivua kofia yake akalia, kama alivyolia mwaka 1971.

Mimi pia nililia, wala si kwa ajili ya Bwana Kofia peke yake. Nilikuwa nahesabu. Tembo, walitambuana wale ndugu? Sijui. Bibi harusi, alishuka ngazi au alirudi? Sijui. Mpishi juu ya paa? Filamu mia moja na sitini na mbili za Moroni, na katika zote, mkebe wa tano ulinikuta mlangoni nimeinama, nimeshika kiatu cha mtu. Sijawahi kuona mwisho wa filamu. Sijawahi hata mmoja! Miaka ishirini na miwili nimewalaumu watengeneza filamu wa nchi nne.

Taa zikawaka. Kalathoumi akaniita nitoe kauli. Nikasimama. Nilijua la kufanya. Kukiri. Neno moja tu.

Nikasema filamu imekosea.

Ukumbi ulicheka mpaka mabati yakalia. Moinahalima alijifunika uso kwa mtandio wake wa shiromani. Nilitamani sakafu inimeze. Kisha nikaona kitu ambacho sijakiona katika maisha yangu. Mzee Ridjali, ng'ombe kumi na wanane, amenyoosha mkono juu kama mwanafunzi, anamwomba Kalathoumi ruhusa ya kusema.

Akapewa.

"Mroudjae aliona sawasawa," alisema, "mpaka pale tulipomtuma nje. Tulimtaka viatu vyetu, akavipanga. Kosa la mwisho ni letu."

Akakaa. Hakuna aliyecheka tena. Wazee wengine walitazama miguu yao. Chamsidine alikuwa mlangoni na kiatu mkononi, akakiweka chini polepole.

Kalathoumi aliandika muda mrefu. Akasema hukumu ni hukumu, vyoo wiki nzima. Ama kazi ya usimamizi, kamati itafikiri.

Nilirudi nyumbani nyuma ya Moinahalima, hatua kumi. Sanduku halikuwa kizingitini. Lilikuwa chini ya kitanda, juu ya fomu hizi. Akasema chakula kiko mezani, na kwamba mwandiko wangu ni mbaya lakini anausoma. Bibi yake alikuwa wa Unguja. Nimekaa naye miaka kumi na tisa sikuwahi kumuuliza.

Jumatatu, 20 Juni.

Vyoo vimekwisha. Saba. Jiwe la volkano halichimbiki, linabembelezwa. Mikono imevimba, kalamu inaniuma. Mzee Ridjali alikuja kila siku saa nne na kiti chake na birika la chai. Alinisimulia miisho. Ndugu walitambuana kwa wimbo wa mama yao, na tembo akafa kwa furaha. Bibi harusi alirudi juu. Kamishna alikuwa na njaa wakati wote. Nilisikiliza nimeegemea sepeto, sikumkatiza hata mara moja. Ana kumbukumbu kali mzee yule. Sijui nilipata wapi kwamba analala.

Ule wa mpishi sikumruhusu aniambie. Nimesema nitauona mwenyewe, mpaka mwisho, kwa macho yangu. Nimebadilika.

Jumapili, 26 Juni.

Msimamizi wa filamu! Kalathoumi kanikabidhi leo. Amesema hakuna mwingine aliyeomba, lakini cheo ni cheo.

Onyesho langu la kwanza nilichagua, bila shaka, Ngumi Saba za Mpishi. Moinahalima kwa kunipongeza alipika wali na mataba, majani ya muhogo kwa nazi nyingi, na pweza. Nilikula kwa haki. Ukumbini Mzee Ridjali alinipigia zulia kwa kiganja, akaniita nikae karibu naye. Akasema siku hizi si cheo, ni zulia tu. Nilivua viatu nikapanda.

Ni laini sana lile zulia. Hakuna aliyewahi kuniambia. Mkebe wa kwanza mzuri kama nilivyoukumbuka. Wa pili pia. Wa tatu naukumbuka mwanzo wake, chungu kinavunjwa.

Nilipofumbua macho taa zilikuwa zimewaka na watu wanatoka.

Bangwe walinizunguka. Wakubwa kwa wadogo, wote wakitaka kauli ya msimamizi. Nikajitengeneza koti. Nikasema mpishi alikufa. Kifo cha heshima, upawa mkononi. Tisa kati ya kumi, na safari hii mwisho unaeleweka kabisa. Wakaitikia kwa vichwa. Mtu mmoja akasema Mungu amrehemu. Raha ilioje!

Chamsidine akanyoosha mkono. Mara yake ya kwanza bangwe. Akasema, samahani, yeye alimwona mpishi juu ya paa, mzima, tena anacheka.

Nikamwambia akae chini. Nilimuuliza mbele ya wote alikuwa wapi mwishoni. Akasema mlangoni. Nikamwambia basi, ndugu yangu, utajuaje. Akakaa. Mzee Ridjali alikohoa, akanitazama juu ya miwani. Nadhani aliridhika.

Viatu vyangu nilivikuta vimeelekea barabarani.